Maua ya Mheshimiwa

Mibuni ya Nyoosha ilipochanua, mke wake alikata matawi ya miba akaziba nayo njia ya kuingilia shambani, kama alivyofanya kila mwaka. Maua ya kahawa ni ya siku chache tu, na katika siku hizo shamba haliingiliki. Mbuzi hufungwa, kuku hufungiwa, na mtoto anayekatiza humo kwenda dukani huchapwa kwanza, akaulizwa baadaye. Ua likitikiswa kabla halijashika, tunda ndilo limekwenda. Hata majirani waliobeba jeneza mwaka ule wa mafuriko walizunguka upande wa pili, njia ndefu yenye utelezi, na hakuna aliyenung'unika.

Mke huyo walimwita Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili waliokuwa shule ya bweni. Ada ya shule ilitoka kwenye kahawa. Mabati ya kuezekea nyumba yalitoka kwenye kahawa, na kitanda, na baiskeli, na malipo ya daktari aliyewatoa hao mapacha kwa kisu. Kila kitu mle ndani kililetwa na kahawa isipokuwa mume, ambaye alimpata bure, na siku alizokuwa na hasira Mama Pacha alisema hata bei yake inaonekana.

Watu walimwita mumewe Nyoosha kwa sababu alipenda vitu vilivyonyooka. Suruali yake ya shambani aliipiga pasi. Mibuni yake ilipandwa kwa kamba, mstari kwa mstari, hata ukisimama kichwani pa mstari unamwona panya akivuka upande wa mwisho. Kitu kimoja tu kilichokosa kunyooka ni mgongo wake, alipokuwa mbele ya mkubwa.

Mwenyekiti wa chama cha ushirika alifika asubuhi akiwa na bwana shamba, na ile miba aliisukuma kwa kiatu bila hata kubisha hodi. Alikuwa na habari njema, alisema. Mheshimiwa anakuja kuzindua msimu wa kahawa, na kwa kuwa shamba la Nyoosha liko kando ya lami, gari lake halitaingia matopeni, basi kamati imelichagua. Nyoosha atatangazwa mkulima bora. Nyoosha alivua kofia. Alishukuru mara nyingi mno, mpaka bwana shamba mwenyewe akaona haya akatazama pembeni.

Mama Pacha aliuliza anakuja lini. Alipoambiwa, alidhani wanafanya mzaha.

"Hizo ndizo siku za maua," alisema. "Aje wakati wa kuchuma. Hata akileta ukoo wake mzima nitawapikia."

"Anataka picha akiwa kwenye maua," alisema mwenyekiti. "Mama, ratiba ya Mheshimiwa haipangwi na mibuni."

"Na mibuni nayo haijui ratiba ya Mheshimiwa."

Nyoosha alicheka kicheko cha kuomba radhi kwa niaba ya mkewe, akamwambia mwenyekiti asimjali, wanawake na mashamba yao. Shamba ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiliita letu leo limekuwa lao, la wanawake. Mama Pacha alisikia akanyamaza, na kunyamaza kwake huko alikuja kukujutia.

Kilichofuata kilikuwa ushenzi uliovaa tai. Bwana shamba alisema shamba la mfano halichanganywi na mazao mengine, basi vijana wa chama wakaingia katikati ya mistari wakang'oa maharage yote ya Mama Pacha, yakiwa na maganda mabichi, punje ndani zikiwa bado maji matupu. Hayo yalikuwa chakula cha nyumba hadi msimu mwingine. Waliyarundika nyuma ya choo, yakaoza huko yakavuta nzi. Vigogo vya mibuni vikapakwa chokaa nyeupe, kama miti ya uwanja wa gwaride. Nyoosha mwenyewe ndiye aliyeshika brashi, na kila alipomaliza mti alirudi nyuma hatua moja kuutazama.

Hapo ndipo mtu wa kamati alipokumbuka kwamba Mheshimiwa atataka pia kuchuma. Hotuba ilikuwa imeshaandikwa, na kwenye hotuba Mheshimiwa anachuma tunda la kwanza la msimu mbele ya wapiga picha. Mama Pacha akawaeleza, taratibu, kama anayezungumza na wagonjwa, kwamba mti wenye maua hauna matunda mabivu, kwamba kutoka ua hadi tunda jekundu ni mimba nzima. Walimsikiliza vizuri sana. Kisha wakatuma gari kule bondeni ambako mvua hutangulia, likarudi na ndoo za kahawa mbivu, na wanawake wa chama wakagawiwa uzi wa kushonea.

Walifunga matunda kwenye matawi yenye maua. Ndiyo, kwa uzi. Mama Pacha naye alipewa ndoo yake, maana mwenyekiti alisema itakuwa aibu mwenye shamba akikaa pembeni. Alifunga tunda baada ya tunda, na kila fundo alilokaza liliangusha maua kifuani mwake, meupe, yenye harufu tamu ambayo siku nyingine zote aliipenda kuliko manukato, na siku hiyo ilimtia kichefuchefu. Wanawake wenzake walitaniana kwamba sasa wamekuwa wakunga wa mibuni. Alicheka nao. Ungefanya nini?

Mheshimiwa alikuja na magari mengi, na watu wengi zaidi ya magari. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mikono laini aliyompa kila mtu bila kumtazama. Alimsifu Nyoosha kwa mistari iliyonyooka. Alipoongozwa kwenye tawi lililoandaliwa, alilivuta tunda jekundu na tunda halikutoka, kwa sababu aliyelifunga alikuwa mshonaji hodari. Alivuta tena kwa nguvu. Tawi zima likachunika likamfuata mkononi, na maua yake, na uzi unaning'inia. Umati ukapiga makofi. Mheshimiwa akaliinua juu kama jogoo wa mashindano.

Mpiga picha hakuridhika. Alitaka maua yaonekane yakimwangukia Mheshimiwa mabegani, basi akawaambia vijana waishike mibuni ya pande zote mbili.

"Tikiseni kidogo," alisema. "Zaidi. Hapo hapo. Sasa twende mstari wa pili, huku mwanga ni mzuri."

Mstari wa pili, na wa tatu, na uliofuata. Maua yalianguka kama unga unaomwagika kutoka gunia lililotoboka. Mama Pacha alimshika mumewe mkono akamwambia awakataze. Nyoosha alikuwa anatabasamu kwa ajili ya picha, na bila kuliondoa tabasamu lile alimwambia mkewe kwa meno yaliyofungana asimtie aibu mbele ya watu. Nyuma ya Mheshimiwa wakaingia majirani wote, watu wazima wenye mibuni yao wenyewe, watu wanaochapa watoto wao kwa kukatiza shambani wakati wa maua. Mtu mmoja alivunja tawi akalipunga. Mwingine akavunja lake. Muda si muda kila mkono ulikuwa na tawi la kahawa, na Mama Pacha aliweza kumtaja kila mmoja aliyelishika.

Kwenye hotuba Mheshimiwa alisema kahawa ndiyo damu ya taifa. Alisema barabara na hospitali ni kahawa, fedha za kigeni ni kahawa, na utamaduni wetu hasa ni kahawa, na asiyeiheshimu kahawa hajiheshimu. Akamwonyesha Nyoosha kwa kidole akatangaza kwamba mwaka huu shamba hili litatoa mara mbili ya mwaka jana, na kwamba yeye mwenyewe atafuatilia. Makofi yakarindima. Kisha akakaribishwa sebuleni, akaulizwa anywe nini, akaomba chai. Ya rangi, alisema, maana kahawa inamwendesha moyo mbio.

Walipoondoka, Nyoosha alikaa mlangoni amevaa fulana ya mkulima bora juu ya shati lake. Mkewe alikuwa shambani. Ardhi ilikuwa nyeupe, kisha jua lilipoizidi ikawa ya kahawia, na ikaanza kunuka.

Aliyekuja kesho yake ni kaka yake Mama Pacha, muuza maharage, ambaye watu walimwita Gunia kwa kuwa hajawahi kuonekana bila gunia begani au ndani ya kijigari chake kilichochoka. Hakuwa amehudhuria sherehe, alikuwa mnadani. Alizunguka shamba zima, akapapasa matawi, akaokota uzi mmoja akautazama bila kuelewa mpaka dada yake alipomweleza, na alipoeleweshwa hakucheka.

"Dada, hapa huna kitu mwaka huu," alisema.

"Najua."

"Mwambie shemeji aende chamani leo leo, aseme mapema. Wakija kuona mizani wenyewe watasema mengine."

Mama Pacha alimwambia mumewe. Nyoosha akasema ataenda. Siku iliyofuata akasema mwenyekiti amesafiri. Baadaye akasema maua mengine yatatoka, bado mvua ipo, na mwishowe alikasirika akauliza kwani mkewe anataka amwendee Mheshimiwa na kumwambia nini, kwamba picha yake imekula ada ya mapacha? Picha yenyewe ilikuwa imetoka gazetini. Aliikata akaibandika ukutani juu ya kitanda, ikawa kila Mama Pacha akilala Mheshimiwa anamtabasamia.

Gunia akawa anapitisha maharage. Hakuyapima wala hakuyaandika popote. Alishusha debe mlangoni akaendelea na safari. Nyoosha aliyala. Aliyasifu hata, akasema shemeji yake ni mtu.

Msimu wa kuchuma ulipofika, majirani waliburuta magunia kwenda chamani, naye Mama Pacha alikwenda na kikapu. Karani wa mizani alichungulia ndani akamuuliza kama hiyo ni ya kuonja. Waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Hao hao. Yule aliyevunja tawi la kwanza alicheka mpaka akajifuta macho. Mama Pacha aliumwaga mzigo wake kwenye sinia la mizani, na sindano haikuonekana kujali. Safari ya pili alileta kikapu kile kile, na ya tatu hakikujaa.

Ndipo maneno yakaanza. Shamba kando ya lami, tena la mkulima bora, litoe vikapu? Kahawa imekwenda wapi? Kuuza nje ya chama ni kosa. Mtu hupelekwa mahakamani kwa hilo, na chama humfuta uanachama. Ofisi ya Mheshimiwa nayo ilikuwa imeulizia lile shamba la mara mbili. Mwenyekiti akawa hapati usingizi, na mwenyekiti asiyepata usingizi hutafuta wa kukesha naye.

Alikuja nyumbani jioni moja akamwita Nyoosha nje. Wakasimama kwa muda mrefu karibu na choo, mwenyekiti akizungumza na Nyoosha akiitikia kwa kichwa. Aliporudi ndani alisema kutakuwa na mkutano, na kwamba kila kitu kimepangwa, mkewe asiwe na wasiwasi. Mama Pacha aliuliza kimepangwa vipi. Nyoosha akasema ni mambo ya chama, akaanza kupiga pasi suruali.

Kwa kuwa hakumwamini, Mama Pacha alimwomba kaka yake aje mkutanoni. Wewe uliliona shamba siku ya pili, alimwambia, na mikono yako haikushika tawi. Gunia aliacha mnada akaja.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la chama. Nje ya ghala kulikuwa na shimo la maganda ya kahawa yaliyokuwa yakioza, na harufu yake ilikuwa imeshika kuta, mbao, hata nguo za waliokaa. Mbele, pembeni ya mwenyekiti, aliketi afisa aliyetumwa kutoka makao makuu, mwanamke mkavu mwenye miwani, ambaye hakuwa amealikwa na mtu yeyote pale na alikuwa amejifunika pua kwa kitambaa. Mama Pacha na kaka yake walikaa benchi moja, katikati ya majirani.

Mwenyekiti alizungumza kwa huzuni nzuri sana. Alisema chama ni familia, na katika familia mtu anaweza kuteleza, na anayekiri husamehewa kwa faini ndogo na maisha yakaendelea. Akamwita Nyoosha.

Nyoosha akasimama. Suruali ilikuwa na mstari unaokata.

"Ndugu wanachama," alisema, "ni kweli. Kahawa niliivuna, nikaiuza nje. Shetani alinipitia. Naomba msamaha."

Kwa muda Mama Pacha alifikiri kuna mtu mwingine anayezungumza. Alikuwa ameutazama ule mdomo miaka yote hiyo, ukila, ukikoroma, ukimwambia maneno mazuri na mabaya, na sasa ulikuwa unakiri kuiba kitu ambacho hakikuwahi kuwapo duniani. Mtu aliona heri aitwe mwizi kuliko kusema Mheshimiwa alikanyaga maua. Na majirani, waliojua kila kitu, walikuwa wanaguna na kutikisa vichwa kana kwamba wamesikia habari mpya.

Mwenyekiti alimshukuru kwa ujasiri wake, akawa anajiandaa kutaja faini. Afisa mwenye miwani akashusha kitambaa.

"Uliuza kwa nani?" aliuliza.

Hilo hawakulipanga. Ilionekana wazi. Nyoosha alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akajitia kutafuta kalamu. Afisa akarudia swali, akaongeza kwamba bila mnunuzi hakuna kesi wala msamaha, kahawa haiuzwi kwa upepo. Jasho lilimtoka Nyoosha kwenye masikio. Macho yake yalizunguka ghala, yakapita kwa huyu na huyu, yote watu wa chama, watu wa kuogopwa, watu wenye ndugu. Yakafika benchi la katikati, yakamwona mtu asiye mwanachama, mwenye gari, mwenye magunia.

"Kwa shemeji yangu," alisema. "Huyo hapo. Muuza maharage."

Gunia alicheka. Alidhani ni utani wa mashemeji, umekosea mahali pake tu. Aliendelea kutabasamu hata mlinzi wa chama alipomshika mkono wa shati, akamgeukia dada yake kana kwamba anamuuliza aseme nini sasa.

Mama Pacha alisimama. Alisema hakuna kahawa iliyouzwa. Alieleza kuhusu miba na picha, na uzi, akaeleza jinsi mibuni ilivyotikiswa mstari kwa mstari, na yote aliyasema bila kupaza sauti, akimtazama yule afisa. Alipomaliza, afisa aliuliza ukumbini kama kuna mtu aliyeyaona hayo. Anyooshe mkono, alisema.

Watu walitazama magoti yao. Aliyevunja tawi la kwanza alikuwa anachokonoa kucha. Wanawake waliokaa naye kwenye ndoo, wakataniana kuhusu ukunga, walifunga khanga zao vizuri. Hapakuwa na mkono hata mmoja, maana kila mkono uliokuwa mle ndani ulikuwa umeshika tawi.

"Mama anamtetea kaka yake," alisema mwenyekiti kwa upole. "Damu ni damu. Kaa chini, mama."

Hakukaa. Mlinzi alikuwa ameshamfikisha Gunia mlangoni, naye sasa hakuwa anatabasamu. Alikuwa anauliza nani atalihamisha gari lake maana limebeba mzigo wa watu. Mama Pacha akatoka kwenye benchi akapita katikati ya ghala. Njiani ilibidi ampite mumewe. Nyoosha akanyoosha mkono akamgusa bega.

"Tutamtoa," alinong'ona. "Mama Pacha, ni maneno tu. Siku mbili tatu tutamtoa."

Mama Pacha alitema mate. Hakuyapanga, yalitoka yenyewe, mazito, yakatua kwenye ule mstari wa pasi juu ya goti, na mbele ya mwenyekiti na afisa na majirani wote yakaanza kuteremka. Nyoosha hakuyafuta. Alisimama tu, mkono bado uko hewani.

Mlangoni mlinzi alimwambia arudi, anayetakiwa kituo cha polisi ni mmoja.

"Mume wangu mwizi, kaka yangu mwizi," alisema Mama Pacha. "Mimi mke na dada nibaki nyumbani nikifanya nini? Niandikeni na mimi."

Mlinzi alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama dari. Basi Mama Pacha akamshika kaka yake mkono wa upande wa pili, ule ambao haukushikwa na mtu, wakatoka wote watatu kuelekea kituoni, na ndani ya ghala mwenyekiti akasikika akiendelea na ajenda.